Kalamu ya shilingi 150 huandika, ukiiosha kwanza

Shaaban iliyopita niliandika majina kwenye kadi 140 za arusi, upande mmoja kwa herufi za Kizungu na upande wa pili kwa Kiarabu. Zote niliziandika kwa kalamu ya wino ya shilingi 150, niliyoitoa kwenye duka la vitu rahisi hapa Langoni, mjini Lamu, lile ambalo ndoo, tochi, vibanio vya nywele na madaftari hukaa rafu moja. Mamake bibi arusi alipoziona akaniuliza, "Kalamu hini umeagiza Ulaya?" Nilipomtajia duka akashangaa. Naye alimnunulia mwanawe kama hiyo hiyo, ikakataa kuandika siku ya kwanza, na mpaka leo imo kwenye droo.

Habari ya kalamu iliyo kwenye droo nimeisikia kwa watu wengi, na kila nilipoomba niletewe niitazame, nyingi nilizikuta nzima. Kiwandani huzitoa kwa maelfu na hakuna anayekaa na moja moja kuisafisha na kuilinganisha. Kazi hiyo ya mwisho inamngoja mnunuzi, na haizidi nusu saa. Mimi fundi wa hina na piko, si fundi wa kalamu, lakini mkono uliozoea koni ya hina unajua mstari unapokatika umekatikia wapi. Nitaeleza ninavyofanya.

Ijue kwanza inavyofanya kazi. Ndani ya kalamu ya wino hakuna kitu kinachosukuma wino. Mwilini mna katriji, yaani kibomba kidogo chenye wino, au pampu ndogo ya kunyonya, na chini ya nibu, ile ncha ya chuma inayoandika, kumelala kipande cha plastiki cheusi ambacho mimi nakiita ulimi. Ulimi una mfereji mwembamba kama uzi, na wino hupita humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kila tone linaposhuka, hewa kidogo lazima ipande juu ishike nafasi yake. Hewa ikikosa njia, wino husimama. Jambo hilo ndilo Lewis Waterman wa New York aliloshughulika nalo hadi akapata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1884, na kalamu ya shilingi 150 bado inafuata njia ile ile. Juu ya ulimi iko nibu ya chuma cha pua, yenye mpasuo unaotoka kwenye kijitundu hadi nchani. Mpasuo unaigawa nibu meno mawili, na mwisho wa kila jino pana punje ndogo ya madini magumu. Hiyo punje ndiyo inayogusa karatasi.

Basi kalamu isipoandika, tazama mahali patatu tu: ulimi una mafuta, mpasuo umebana au umetanuka, au punje hazikulingana.

Dukani usifanye haraka. Ami mwenye duka amenizoea. Hunimiminia boksi zima juu ya meza akaendelea na wateja wake. Navua kifuniko, naielekeza nibu kwenye mwanga wa mlango na kuitazama kwa mbele, usawa wa jicho. Nataka nione mstari mwembamba wa mwanga kwenye kijitundu, unaozidi kuwa mwembamba hadi unapotea kwenye punje. Mwanga ukionekana mpana mpaka nchani, kalamu hiyo itamwaga. Kisha naigeuza nione kama nibu imekaa katikati ya ulimi, haikwenda kombo. Simu inasaidia hapa. Piga picha ya ncha kwa karibu, halafu ivute iwe kubwa, uhesabu punje: ziwe mbili, sawa kwa ukubwa, kama punje mbili za mtama zilizobanana. Nimewahi kukuta nibu yenye punje upande mmoja tu. Hiyo hairekebishiki, irudishe boksini.

Usilipie maandishi ya kwenye nibu. Nyingi zimechorwa "Iridium Point Germany", na watu wakaamini wamepata kitu cha Ujerumani chenye madini ya iridiamu. Chapa hiyo imeenea kwenye nibu za viwanda vya mbali na Ujerumani, na ile punje kwa kawaida ni mchanganyiko wa madini mengine magumu. Nyingine zimeandikwa 18KGP; herufi GP maana yake imepakwa dhahabu juu, na mpako wenyewe ni mwembamba kama ukungu. Zinaandika sawa na zile nyeupe. Ikiwa nyeupe ni 150 na ya njano 300, chukua mbili nyeupe.

Kifuniko kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwetu kwenye joto na upepo wa kaskazi. Kitie mdomoni upande wa wazi upulize. Pumzi ikitoka kwa urahisi kwenye klipu au juu, wino utakauka nchani kila utakapoiweka. Cha mwisho, fungua mwili utazame ndani mna nini. Kalamu za Kichina kama Jinhao kwa kawaida huja na pampu ya kuzungusha, na hiyo ndiyo bora kwa sababu unanyonya wino kwenye kidau. Zile za watoto wa shule huja na katriji, na hapo angalia mdomo wake: kuna wa milimita 2.6 na kuna wa 3.4, na hazibadilishani. Ukienda kutafuta katriji nyingine, nenda na ile kuukuu mkononi. Aina ya tatu ni ile ya nibu iliyofichwa, kama Hero 616, ambayo ncha tu ndiyo inayochungulia. Hiyo unaijaza kwa kuminya mpira ulio ndani. Nibu iliyofichwa haikauki upesi, na kwa mtu anayeandika maneno mawili kisha akatulia kufikiri ni nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuona mpasuo wala kuurekebisha kwa urahisi, kwa hiyo kwa kalamu ya kwanza sikushauri.

Nunua mbili za aina moja. Nibu na ulimi wa moja huingia kwenye nyingine.

Sasa kuosha. Ulimi wa plastiki hutoka kiwandani ukiwa na mafuta ya kwenye kalibu, na mafuta na wino havipatani. Ndiyo sababu kalamu mpya huandika maneno matatu ikanyamaza. Weka maji ya uvuguvugu kwenye bilauri, usitie ya moto kwa sababu plastiki rahisi hupinda, na utie tone moja la sabuni ya vyombo. Zamisha nibu yote mpaka shingoni. Nyonya, toa, nyonya, toa, mara kumi. Kama ni ya katriji, chukua bomba la sindano la duka la dawa, lile la mililita 5 bila sindano yenyewe, usukumize maji kwa nyuma. Ukiona yanatokea nchani kwa uzi mmoja ulionyooka, njia iko wazi. Mwaga, rudia kwa maji matupu mpaka povu liishe.

Maji ya mwisho yawe ya kunywa. Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi; maji yetu matamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na hata ya bomba huwezi kuyategemea kila siku. Chumvi ikikaukia kwenye mfereji mwembamba kama uzi itaziba, na juu ya chuma italeta kutu. Kikombe kimoja cha maji ya chupa au ya mvua kinatosha. Baadaye isimamishe kalamu, ncha chini, juu ya tishu iliyokunjwa ndani ya kikombe, uiache hapo usiku mzima. Tishu itavuta maji yaliyobaki. Wino ukiingia kwenye kalamu yenye maji utatoka umepauka, na utadhani wino ni mbaya.

Kwenye wino ndiko watu wanakoua kalamu zao. Mimi ya kwanza niliiua hivyo. Niliuziwa wino mweusi mzuri, wa kung'aa, na aliyeniuzia akaniambia wino ni wino. Ulikuwa wa kuchorea, wenye gundi ndani yake. Siku ya pili ulimi ulikuwa umegandana na nibu kama vitu viwili vilivyochomelewa, na nilipojaribu kuvitenganisha jino moja likapinda. Nikasikitika, kwa sababu kalamu yenyewe ilikuwa laini mno kuandikia.

Wino wa masizi na gundi, ambao maalim wetu wa chuo cha Kurani walikuwa wakiutengeneza wenyewe na kuuchovya kwa kalamu ya tete, ni wino bora kwa tete. Ndugu zetu wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu kwa wino mweusi na mwekundu, kazi ambayo jina lake lilivuma pwani nzima. Lakini tete liko wazi, unaliosha ukimaliza. Kalamu ya mfereji huwezi kuifungua kila jioni. Kwa hiyo usitie wino wa masizi, usitie wa muhuri, wala wa printa, wala zafarani ya kombe, na piko ndiyo usiifikirie kabisa. Tia wino ulioandikwa kwenye chupa kwamba ni wa kalamu za namna hii. Parker Quink na Pelikan 4001 hupatikana kwa wauza vitabu wa Mombasa, na mtu anayesafiri hachoki kukubebea chupa moja. Quink ya chupa huwa mililita 57. Katriji fupi huchukua chini ya mililita moja, basi chupa hiyo inajaza katriji zaidi ya mara 57. Na katriji ikiisha usiitupe: ioshe, ijaze kwa lile bomba la sindano, irudishe.

Ukishatia wino, isimamishe ncha chini dakika tano kabla ya kuandika, ulimi ulowe wote. Halafu chukua karatasi na uiache kalamu ijiendee. Mtu aliyezoea kalamu ya biro hukandamiza, kwa sababu biro ina kigololi kinachotaka kuzungushwa. Nibu haitaki. Uzito wa kalamu peke yake unatosha, na uilaze kiasi, isisimame wima kama biro. Ukikandamiza meno yanapanuka, na siku moja hayatarudi. Nawaambia wasichana ninaowafunza hina: ishike kama unavyoishika koni juu ya kiganja cha bibi arusi, ambaye ukimchoma atakuvutia mkono.

Ikiandika vizuri, usiiguse tena. Ikikwaruza ndipo tunaendelea.

Mwaka juzi nilikuwa na moja iliyokwaruza upande mmoja tu. Nikishuka chini laini, nikienda kushoto inakamata karatasi na kuirusha nyuzi. Nikaipeleka kwa mzee mmoja sonara wa fedha, nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Akavaa kile kioo chake cha jichoni, akaitazama kimya, kisha akanivulia kioo. "Ndoo uone, mwanangu." Niliona jino la kulia limepanda juu ya la kushoto, kama mtu aliyesimama na bega moja juu. Kwa jicho tupu lisingeonekana kamwe. Akaweka ukucha wa dole gumba juu ya jino lililopanda, akalibonyeza chini polepole, akaachia, akatazama. Mara ya pili. Mara ya tatu akasema basi. Sikuona chombo chochote mkononi mwake. Nilipoandika, ile sauti ya kukwaruza ilikuwa imeondoka.

Ndivyo nifanyavyo mimi sasa: jino la juu hubonyezwa chini kwa ukucha, kidogo kidogo, na kila baada ya kubonyeza unatazama. Kama huna kioo cha sonara, picha ya simu iliyovutwa itakuonyesha. Katika kalamu zangu zilizokwaruza, tisa katika kumi zilitaka hilo tu.

Ikiwa meno yamelingana na bado inakwaruza, punje yenyewe ina ukali. Hapo natumia kile kipande cha kusugulia kucha chenye pande nne, ambacho kila saluni inacho. Natumia upande wa mwisho tu, ule wa kung'arisha, unaoonekana laini kama ngozi. Kalamu ikiwa na wino ndani, andika juu yake tarakimu ya nane mara kumi, bila kukandamiza, huku ukiizungusha kalamu kidogo vidoleni. Jaribu kwenye karatasi. Ikihitaji, rudia mara kumi nyingine. Usipitishe hapo kwa siku moja, kwa sababu punje ni ndogo na ikiliwa hairudi. Upande wa msasa wa kipande hicho usiuguse kabisa.

Ikiwa tatizo ni ukavu, yaani mstari mwembamba, umepauka, unakatika, basi mpasuo umebana. Chukua kipande chembamba sana cha shaba nyeupe au njano kutoka kwa sonara huyo huyo, kipitishe kwenye mpasuo kuanzia kijitunduni kuelekea nchani, mara mbili tatu, kama unavyopitisha uzi katikati ya meno. Wembe sikushauri, unakata kingo za ndani za mpasuo, na hapo wino utapata njia usizozitaka.

Kuna jambo la maandishi ya Kiarabu ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kadi hizi. Mtu wa mkono wa kulia akiandika herufi za Kizungu, kalamu anaivuta. Akiandika kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, anaisukuma nibu mbele, na mkwaruzo ambao hukuusikia kwenye "Fatma" utausikia kwenye فاطمة. Kwa hiyo nikijaribu kalamu dukani au nyumbani, naijaribu kwa Kiarabu kwanza. Ikipita hapo, kwa Kizungu haina shida. Tena ukiandika hivyo kiganja kinapita juu ya maneno yaliyo mabichi. Weka karatasi nyembamba chini ya kiganja na uisogeze nayo, na uchague nibu nyembamba, maana nibu nene inaacha wino mwingi usiokauka upesi.

Karatasi usiidharau. Daftari rahisi la shule hunyonya wino ukatawanyika kando ya herufi kama hina iliyowekwa kwenye ngozi yenye mafuta. Karatasi ya kutolea kopi ya gramu 80 mara nyingi inatosha kwa mazoezi. Kadi zenye kung'aa, zile zilizopakwa plastiki, wino haukauki juu yake hata ukizianika alasiri nzima. Kabla ya kukubali kazi ya kadi mimi naomba kadi moja ya ziada, naandika neno nyuma, nahesabu mpaka thelathini kisha napitisha kidole. Ikichafuka namwambia mwenye arusi mapema abadilishe kadi. Na wino wa kawaida wa kalamu hizi haustahimili maji, hasa buluu ya kuoshika. Kadi zinazovuka kwenda Pate nazifunga kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu rashasha moja ya bahari inatosha kufuta jina la mtu.

Kalamu yenyewe ikipanda mashua iwe imejaa au iwe tupu. Ikiwa nusu, ndani mna hewa, na hewa ikipata joto inatanuka na kuusukuma wino mpaka ndani ya kifuniko. Ndivyo nilivyochafua buibui langu njiani kwenda Mokowe, saa saba mchana, kalamu ikiwa mkobani juani. Siku hizi naisimamisha ncha juu, kwenye mfuko wake mdogo pamoja na kipande cha pamba, na mkoba nauweka kivulini.

Ukiitumia kila siku haitakusumbua. Ukijua kwamba wiki mbili hutaandika, toa wino, ioshe kwa maji ya kunywa kama siku ya kwanza na uiweke kavu. Mimi nafanya hivyo mwishoni mwa Shaaban, kwa sababu Ramadhani kazi ya kadi hulala na ya hina huanza tena karibu na Idi. Ile kalamu ya mwana wa mamake bibi arusi aliniletea wiki ile ile. Ilikuwa na mafuta kwenye ulimi, basi, hata meno yalikuwa sawa. Nimemrudishia imejaa wino wa buluu, na sasa yule kijana anaiomba ya pili ya wino mwekundu.